Somo: Mende wakubwa wa chooni, namna ya kuwatambua na kuwadhibiti

Ndugu wanachama, salaam. Wengi mnalalamika kwamba mnapulizia dawa jikoni kila wiki, na usiku mende mkubwa bado anapita ukutani. Huyo makao yake ni chemba na shimo la choo. Jikoni huja kutafuta chakula tu.

Hatua ya 1: Mtambue. Mende mkubwa wa nyumba zetu za pwani ni Periplaneta americana. Ana sentimita 3.5 hadi 4, rangi ya kahawia nyekundu, na ngao nyuma ya kichwa yenye ukingo wa manjano. Yule mdogo wa jikoni, Blattella germanica, hafiki sentimita 2 na ana mistari miwili myeusi mgongoni, nyuma tu ya kichwa. Kama unaye huyo mdogo, shughulika na nyuma ya friji na bawaba za kabati.

Kinyesi cha mende mkubwa wengi hudhani ni cha panya. Kitazame kwa tochi: punje ya mende ina ncha butu na vimifereji ubavuni, ya panya imechongoka.

Hatua ya 2: Tafuta njia yake. Weka mitego ya gundi bafuni, stoo na chini ya sinki. Unaonasa wengi ndio ulio karibu na mlango wao.

Hatua ya 3: Ziba. Kazi kubwa iko hapa, na ndiyo watu wanayoiruka. Mfuniko wa chemba uliomeguka pembeni ni barabara kuu. Badilisha, au zungushia lipu nyepesi itakayobomoka kirahisi siku ya kunyonya majitaka. Bomba la hewa la choo livalishe wavu wa waya. Bomba linapopenya ukutani chini ya sinki, jaza simenti. Halafu kuna bafu la wageni lisilotumika: maji yanayokaa kwenye kona ya bomba la sakafuni hukauka, na njia inabaki wazi. Mwaga maji humo kila wiki.

Hatua ya 4: Dawa. Jeli (chambo chenye sumu ya mende) iweke kwa vitone vidogo karibu na njia zao, na usipulizie dawa ya kopo hapohapo, maana watakimbia bila kula. Unga wa asidi ya boriki upake tabaka jembamba sana, mbali na watoto na chakula, ukiurundika wanauzunguka. Chemba mwachie fundi mwenye kibali. Tafadhali msimimine mafuta ya taa chooni: gesi ya shimo inawaka, na visima vinachafuka.

Hatua ya 5: Mayai. Kifuko ni cha kahawia iliyokoza, kama milimita 8, na hubeba mayai karibu 15. Jike hukibandika kwenye maboksi na pembe za stoo. Dawa nyingi hazikipenyi, kwa hiyo kikwangue ukiponde, na mitego ibaki kwa miezi kadhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Nimepulizia, sasa wanatoka hata mchana. Dawa ni feki?
Si lazima, ndugu yangu. Dawa za kupulizia mara nyingi huwafurusha kutoka mafichoni. Acha kupulizia, rudi hatua ya 3.

Dawa ya machinga kwenye chupa ya maji ni kali kweli. Niitumie?
Hapana, dada. Chupa isiyo na lebo inaweza kuwa na sumu ya shambani, na mtoto akiinywa daktari hatajua ni nini. Tanzania tafuta iliyosajiliwa na TPHPA, Kenya na PCPB, yaani mamlaka za serikali zinazosimamia viuatilifu.

Mwanangu ana pumu. Mende wanahusika?
Wanaweza kuhusika sana. Kinyesi chao na magamba wanayojivua huchochea pumu. Tumia jeli na mitego badala ya kupulizia, na stoo usiifagie kavu. Futa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, mtoto akiwa nje.