Daftari la kuchora kila siku: ngalawa ileile, saa ileile

Ngalawa niliyoichora mara nyingi kuliko kitu kingine chochote hukaa karibu na soko la samaki hapa Bagamoyo, na ina kiraka cha bati ubavuni. Nimeshaichora zaidi ya mara mia mbili. Si kwamba ni nzuri kuliko nyingine. Iko tu mbele ya benchi ninaponywea kahawa asubuhi. Mwongozo wote huu umesimama juu ya benchi hilo: ukitaka kuchora kila siku, usihangaike kutafuta kitu kizuri. Angalia mahali ambapo tayari unakaa kila siku, uchore kilichopo mbele yako, kilekile, mpaka ukizoee.

Kazi yangu ya kula ni kuandika mabango ya maduka na majina ya vyombo vya baharini. Jumamosi nafundisha vijana kuchora, na karibu kila mgeni huniuliza, "Mwalimu, mkono mzuri unapatikanaje?" Namwambia akanunue karatasi.

Hatua ya 1: Tengeneza daftari la bei rahisi

Niliwahi kupewa zawadi ya daftari la jalada la ngozi, karatasi nene kama kitenge kipya. Nilikaa nalo miezi saba bila kuligusa, nikiogopa kuliharibu. Mende hawakuogopa.

Daftari la mazoezi linatakiwa liwe la kitu usichokionea huruma. Nunua steshenari karatasi 20 za A4 zile za kawaida za fotokopi. Zikunje zote pamoja katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano ya fundi viatu, shona kwa uzi wake, kisha vika jalada la manila. Unapata kurasa 80, yaani karibu miezi mitatu ukichora ukurasa mmoja kwa siku. Karatasi hizi ni za gramu 80 kwa mita ya mraba, zinafaa penseli na biki, ila ukizimwagia maji mengi zinajikunja kama papadi. Rangi za maji zinataka karatasi nzito, gramu 200 na kuendelea, na wengi hutumia za 300. Hizo ziache kwanza.

Na asikudanganye mtu kwamba sanaa inasubiri vifaa. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora picha huko Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao wa kukandamizwa na rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Vilikuwepo dukani, akavichukua.

Hatua ya 2: Penseli moja, biki moja

Kwenye penseli, herufi H ni ugumu na B ni weusi. Namba ikipanda upande wa B, risasi ni laini na nyeusi zaidi. HB ya shuleni iko katikati. Chukua 2B, inakupa weusi wa kutosha bila kukuachia masizi mkono mzima. Hapa pwani mkono unatoka jasho na karatasi inanyonya unyevu, kwa hiyo weka kikaratasi kingine chini ya kiganja unapochora. La sivyo utafuta kwa mkono ulichochora kwa penseli.

Biki iwe ile ya kawaida, nyeusi. Hili nililijua kwa hasara. Masika moja nilitumia kalamu ya jeli kuchora milango ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo kwa wiki mbili, kila asubuhi mlango mmoja. Mvua ikanikuta njiani nikirudi kutoka magofu ya Kaole, begi likalowa. Milango yote ikageuka mawingu ya bluu. Kurasa chache nilizochora kwa biki zilikunjamana lakini mistari ilibaki, kwa sababu wino wa biki ni wa mafuta.

Ufutio uache nyumbani. Simaanishi kwamba kufuta ni dhambi. Ila ukiwa nao utatumia dakika saba kati ya kumi kusugua. Mstari ukikosewa, weka mwingine sahihi pembeni yake na uendelee, na ule mbaya ukuonyeshe ulipopotoka.

Hatua ya 3: Funga kuchora kwenye jambo unalolifanya tayari

"Nitachora nikipata nafasi" maana yake hutachora. Mimi nimefunga kuchora kwenye kahawa. Kikombe kikiwekwa, daftari linafunguliwa. Kahawa ikiisha, nimemaliza. Wewe inaweza kuwa baada ya sala ya alfajiri, au unaposubiri abiria kijiweni ukiwa dereva wa bodaboda, au maharage yakiwa jikoni. Tendo liwe la kila siku, na liwe na mwisho wake lenyewe, ili usihitaji kuangalia saa.

Muda wenyewe uwe mfupi, dakika kumi tu. Wanafunzi wangu wanaoapa kuchora saa nzima kila siku huwa siwaoni wiki ya tatu.

Hatua ya 4: Dakika kumi zinavyokwenda

Dakika ya kwanza usichore. Tazama. Kunja macho mpaka vitu vidogo vipotee, ubaki na mafungu ya weusi na weupe.

Halafu pima. Nyoosha mkono wote mpaka kiwiko kikaze, funga jicho moja, simamisha penseli. Ncha ya penseli iguse kileleni mwa mlingoti, kidole gumba kiteremke hadi mlingoti unapokutana na mtumbwi, yaani mwili wa ngalawa. Sasa laza penseli hiyohiyo, kidole kikiwa palepale, uone urefu huo unaingia mara ngapi kwenye mtumbwi kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Hicho ndicho kipimo chako cha picha nzima. Mkono ukikunjika katikati ya kazi, vipimo vyote vimeharibika, na hili ndilo kosa la kwanza la kila mtu.

Kisha chora umbo kubwa, bila kamba, bila kiraka, bila jina. Kwa ngalawa kuna ujanja mmoja: usichore matengo, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, chora *uwazi* ulioko kati ya matengo na mtumbwi. Kichwa chako kina picha ya ngalawa iliyokaririwa tangu utotoni, na mkono unapenda kuifuata hiyo badala ya jicho. Lakini uwazi hauna picha kichwani, kwa hiyo utalazimika kuutazama. Ukiuchora uwazi sawasawa, matengo yatajikuta yamekaa pale yanapotakiwa.

Dakika tatu za mwisho ni za kivuli. Hapa uelewe jua lako. Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatoka nyuma ya vyombo navyo vinaonekana vyeusi tupu. Kwa anayeanza hiyo ni neema: jaza weusi, umemaliza. Jioni kuanzia saa 10 jua liko mgongoni mwako, ubavu wa ngalawa unawaka, mbao na misumari yote inaonekana, na kazi ni ngumu zaidi. Adhuhuri pumzika. Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la mchana huwa karibu juu ya utosi, vitu havina kivuli cha maana na kila kitu kinaonekana bapa.

Kama kikombe kina masalia, tumia kahawa yenyewe kwa kivuli. Chovya kijiti cha pamba, pitisha kidogo, acha ikauke, pitisha tena pale panapotaka giza. Iwe kahawa chungu. Kuna kijana alinijaribia kwa chai ya maziwa yenye sukari, kesho yake sisimizi walikuwa wamelihamia daftari.

Hatua ya 5: Rudia kitu kilekile kwa siku 15

Hapa ndipo watu hunibishia. "Mwalimu, si nitachoka kuchora ngalawa moja?" Hutachoka, kwa sababu bahari haitakuletea ngalawa moja.

Maji hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Chukua saa 1 asubuhi. Leo ukikuta maji yamejaa na ngalawa inaelea, baada ya siku saba hizo dakika 50 zimekuwa karibu saa sita: saa ileile, benchi lilelile, maji yamekupwa na ngalawa iko mchangani, imeegemea tengo moja. Mashua ya jirani yake, kwa kuwa ina mkuku, ule uti wa mbao chini ya chombo, imelala ubavu na unaiona tumbo lake. Baada ya wiki mbili mnarudi mlipoanzia. Kati ya hapo kuna siku za bamvua, maji yanakwenda mbali kabisa, na siku za maji mafu ambazo hayasogei sana. Ukizichora siku 15 mfululizo bila kuruka utakuwa na mzunguko mzima kwenye kurasa 15, na utaanza kujua kabla hujafika ufukweni kwamba leo utakuta nini. Wavuvi wanajua haya bila kuchora. Sisi wengine tunahitaji daftari.

Hatua ya 6: Ingia mitaani

Ukimaliza ngalawa, nenda Mtaa wa India ukae barazani, ila kwanza piga hodi kwa mwenye baraza. Tatizo la nyumba ni mistari inayokwenda mbali. Ufukweni ulishaona kitu ambacho huenda hukukizingatia: mstari wa upeo wa bahari siku zote uko usawa wa jicho lako. Ukikaa mchangani unakata mlingoti chini, ukisimama unaukata juu zaidi. Mtaani upeo hauonekani lakini upo. Shika penseli kwa kuilaza mbele ya macho, uone inakata ukuta wa jirani wapi. Kingo za paa zilizo juu ya hapo zinateremka kadiri nyumba inavyokwenda mbali, na kingo za baraza zilizo chini ya hapo zinapanda, mpaka zote zikutane kwenye usawa huo. Inatosha kuanzia.

Milango ya nakshi usiichore mizima. Chora kona moja: pale mwimo unapokutana na kizingiti, au kipande cha mfaa, ule ubao wa katikati panapokutana mbawa mbili za mlango, urefu wa shubiri. Hali kadhalika mbuyu wa Misheni ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, ile iliyoanzishwa 1868. Kila mtu anataka kuuchora mti wote. Mimi nawapeleka vijana kwenye ule mnyororo uliomezwa na shina, wachore tu pale chuma kinapoingia kwenye gome.

Hatua ya 7: Watu

Salamu kwanza. "Shikamoo mama, naomba nichore hapa pembeni, sipigi picha." Mara nyingi utaambiwa "marahaba, chora mwanangu", halafu kila dakika mbili utaulizwa umefika wapi. Akikataa, shukuru uondoke. Anayesali haombwi kabisa, huyo mwache.

Mtu hatulii, kwa hiyo tafuta mwenye kazi ya kujirudia: mama anayegeuza samaki kwenye karai, mtu anayeparua magamba, mpiga ngoma wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, akiwa mazoezini. Anza mistari mitano ya mkao. Akibadilika, anza mkao mwingine pembeni kwenye ukurasa uleule, na mkono wake ukirudi pale pa kwanza, rudi nawe. Sura ziache mpaka uzoee migongo.

Hatua ya 8: Andika, na ukiruka siku usilipe deni

Chini ya kila mchoro weka tarehe, saa, hali ya maji, na kama ni kusi au kaskazi inayovuma. Ongeza sentensi moja ya ulichokisikia. Yangu ya juzi inasema: "Samaki changu leo hawashikiki bei."

Siku uliyoruka imekwenda. Ukijaribu kuchora miwili leo kufidia, kesho utadaiwa mitatu, na daftari litakuwa mkopo. Na usichane ukurasa mbaya, maana mwenzake wa upande wa pili wa mkunjo atafuata.

Hatua ya 9: Kuyatunza

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo kwa mvua navika daftari nailoni ya kufunikia madaftari ya shule. Yaliyojaa nayapa namba mgongoni na kuyaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na mchwa. Kwa ajili ya mende natupia ndani punje chache za karafuu na vipande vya mdalasini. Hawajaonekana tena, ila daftari namba 9 linanukia pilau, na kila nikilifungua wanafunzi wanaulizana chakula kiko wapi.