Waifai Inapokatika na Vizuizi vya Watoto Vinapogoma: Kurekebisha Ruta ya Nyumbani

Mtandao ukikatika saa tatu usiku kila siku, usikimbilie kumpigia mtoa huduma. Huenda ni ratiba ya watoto uliyoiweka wewe mwenyewe, na imeshika mpaka simu yako. Na mtoto akiendelea kutazama video saa tano usiku wakati ratiba ipo, haina maana kwamba ruta ni mbovu. Matatizo haya mawili huchanganywa sana, kwa hiyo kwanza yatenganishe: fungua ukurasa wa ruta, zima udhibiti wa wazazi kwa muda, subiri dakika mbili, kisha jaribu tena. Mtandao ukirudi, kosa liko kwenye vizuizi. Usiporudi, shughulika na waifai kwanza na uviache vizuizi vimezimwa hadi umalize.

Ukurasa wa ruta hufunguliwa kwa kivinjari cha kifaa kilichounganishwa na ruta hiyo. Anwani iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake: ruta nyingi za laini (zinazotumia laini ya simu) za Huawei hutumia 192.168.8.1, nyingine 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa ukigoma kufunguka kwenye simu, zima data ya simu kwanza, maana simu ikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye data yake.

Waifai yenyewe

Angalia simu inasema nini hasa. Kama inashika waifai lakini hakuna kinachofunguka, tazama kama bando limeisha, kisha tazama nguvu ya mnara. Katika ruta za laini, ukurasa wa taarifa huonyesha namba mbili za maana. RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, ikiwa -90 au karibu zaidi na sifuri, ni nzuri. Ikishuka chini ya -110, hata ruta ya bei ghali haitakusaidia. SINR, yaani usafi wa mawimbi hayo, ikiwa juu ya 13 ni nzuri, ikikaribia sifuri au kuwa hasi kuna mwingiliano mwingi. Sogeza ruta dirishani upande wa mnara, subiri dakika moja, soma tena. Nyumba yenye paa la mabati na kuta nene za tofali hula mawimbi, hivyo tofauti kati ya kabati la sebuleni na dirisha inaweza kuwa kubwa kuliko unavyodhani.

Kama simu inakwama kwenye kupata anwani ya IP, au kompyuta inaonyesha anwani inayoanza na 169.254, kifaa hakijapewa anwani na ruta. Mara nyingi sababu ni ruta ya pili iliyoongezwa ili waifai ifike chumba cha nyuma. Zote mbili zinagawa anwani, na vifaa vinachanganyikiwa. Ipe ruta ya pili anwani ya 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha unganisha kebo kutoka tundu la LAN la ruta ya kwanza kwenda tundu la LAN la ruta ya pili, si lile la WAN. Ukitumia WAN, ruta kuu itaviona vifaa vyote vilivyo nyuma ya ile ya pili kama kifaa kimoja, na hapo udhibiti wa watoto umekufa: ama unawafungia wote, ama humfungii yeyote.

Simu ikikataa nenosiri ambalo una hakika nalo, angalia aina ya ulinzi. Simu za zamani hazijui WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai. Chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 peke yake.

Kasi ikiyumba jioni tu, hasa katika nyumba za kupanga za Kampala ambako ukuta mmoja unatenganisha ruta mbili, tatizo ni msongamano wa chaneli. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, na upana wa 20 MHz. Chaneli ya 3 au ya 9 inaonekana tupu lakini hugongana na majirani wa pande zote mbili. Vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta vihamishie 5 GHz. Programu ya kupima waifai ikikuonyesha -67 dBm au karibu zaidi na sifuri, video itakwenda vizuri. Ikifika -80, itakatika.

Usisahau adapta. Ruta inayojizima na kuwaka watu wengi wanapoingia, mara nyingi imewekewa adapta isiyo yake baada ya ile ya awali kuungua umeme ulipopanda. Ikiwa ruta imeandikwa 12V 1A, adapta ya 12V 0.5A itaiwasha, lakini itaanguka kazi ikizidi. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea zinaweza kuzidi, zisipungue.

Ratiba isiyotii

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na karibu kila mara mkosaji ni saa. Umeme ukikatika, ruta nyingi husahau saa na kuanza na tarehe ya kiwandani hadi ziipate kwenye intaneti. Nenda kwenye mipangilio ya saa, weka seva ya kutoa saa sahihi, pool.ntp.org, na uchague GMT+03:00. Kampala huenda isiwepo kwenye orodha. Nairobi ni sawasawa nayo. Kipengele cha kubadilisha saa kwa majira ya kiangazi kizime, sisi hatukihitaji.

Kosa la ukanda wa saa lina alama yake. Umeandika kufunga 21:00 na kufungua 06:00, lakini mtandao unafungwa saa sita usiku na kufunguka saa tatu asubuhi. Saa tatu kamili za kuchelewa, pande zote mbili: ruta iko kwenye GMT.

Pia, ruta husoma saa 24. Saa tatu usiku iandike 21:00. Ukiandika 03:00 umefunga saa tisa za usiku, watoto wakiwa wamelala tayari. Na ruta nyingi hazielewi ratiba inayovuka usiku wa manane. Igawe mara mbili: 21:00 hadi 23:59, kisha 00:00 hadi 06:00, na uhakikishe siku zote saba zimewekewa alama katika sehemu zote mbili.

Saa ikiwa sahihi na mtoto bado anapita, angalia utambulisho wa simu. Udhibiti hushika anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa kwenye waifai, lakini tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya kubuni kwenye kila waifai. Utaijua kwa herufi yake ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kubuni. Mtoto akibadilisha mpangilio mmoja tu anaonekana kama kifaa kipya ambacho ruta haijawahi kukifungia. Kwenye simu yake, ingia mipangilio ya waifai hiyo, sehemu ya faragha, chagua kutumia MAC ya simu yenyewe. Kwenye iPhone zima “Private Wi-Fi Address”.

Lakini mtoto wa sekondari atairudisha. Kwa nyumba yenye vijana, tunashauri njia nyingine kabisa: washa mtandao wa wageni, uupe jina la watoto, na ratiba uiweke juu ya mtandao wote badala ya simu mojamoja, ikiwa ruta yako inaruhusu. Kisha badilisha nenosiri la mtandao wa wazazi. Hapo hakuna MAC ya kufukuzana nayo.

Kuzuia tovuti

Kuandika maneno au anwani za tovuti kwenye orodha ya ruta siku hizi hakusaidii sana, kwa sababu karibu kila tovuti hutumia HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa, na ruta haioni kurasa zinazofunguliwa ndani yake. Tumia DNS ya familia: DNS ni huduma inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani yake, na ile ya familia hukataa tovuti zisizofaa watoto. Katika mipangilio ya DHCP ya ruta weka 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, au 185.228.168.168 na 185.228.169.168 za CleanBrowsing, ambazo pia hulazimisha utafutaji salama wa Google. Zima waifai ya simu na uiwashe tena, la sivyo itaendelea na DNS ya zamani.

Ukitumia Cloudflare, pima hivi kwenye kompyuta: fungua dirisha la amri, andika nslookup nudity.testcategory.com. Jibu likiwa 0.0.0.0, kizuizi kinafanya kazi. Likija jibu jingine, kuna njia ya pembeni. Angalia mambo haya kwa mpangilio huu:

1. IPv6 ya ruta, yaani mfumo mpya wa anwani za intaneti. Ikiwa imewashwa na DNS yake ni ya mtoa huduma, maswali hupitia huko. Weka 2606:4700:4700::1113, au izime.
2. DNS ya faragha kwenye Android, iliyopo tangu Android 9. Izime kwenye simu ya mtoto.
3. DNS salama ndani ya Chrome au Firefox. Nayo izime.
4. VPN, programu inayoficha mawasiliano yote ya simu na kuyapitisha kwenye seva nyingine.

Hii ya mwisho ina historia yake Uganda. Facebook ilipofungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, VPN ziliingia kwenye simu za watu wengi, na simu hizo ndizo watoto wanazorithi. VPN ikiwaka, ruta inaona bomba moja lililofungwa. Chujio la tovuti halina kazi tena. Ratiba ya muda, hata hivyo, bado inafanya kazi, kwa sababu ruta inakata kila kitu cha kifaa hicho. Futa VPN kwenye simu kabla ya kumkabidhi mtoto, na uweke Family Link, programu ya Google ya wazazi, ili asiweze kuiweka tena bila idhini yako. Programu hiyo pia ndiyo kinga yako pale mtoto anaponunua bando lake mwenyewe, maana data ya laini haipiti kwenye ruta hata kidogo.

Funguo za ruta

Nenosiri la msimamizi lililoandikwa chini ya ruta libadilishe siku ya kwanza. Watoto wanajua kusoma karatasi ile. Zima WPS, njia ya kujiunga na waifai kwa kubonyeza kitufe bila nenosiri. Kitufe cha riseti kikibanwa kwa sekunde kama kumi hufuta kila ulichoweka, na dalili yake ni jina la waifai kurudi lile la kiwandani. Ukimaliza kupanga, pakua faili la nakala ya mipangilio na ulihifadhi kwenye barua pepe yako. Siku ruta ikifutwa, kwa mtoto au kwa umeme, kulirudisha huchukua dakika chache. Kisha kagua saa kabla ya kuamini ratiba.