Kugeuza Jaa la Mtaa Kuwa Bustani ya Wakaazi

Kiwanja kinachobaki wazi katika mtaa wa mabanda Nairobi hakikubaki hivyo bure. Ama ni jaa, ama ni mkondo wa maji ya mvua, ama kina mwenyewe ambaye hajajitokeza. Kabla ya kununua hata toroli moja, ulizeni kwa chifu na ofisi ya kaunti ardhi ni ya nani, na jibu mlipate kwa barua. Kando ya mto, kanuni za maji zinatenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni, na baada ya mafuriko ya 2024 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya mita 30 zilibomolewa. Kwa hiyo chini pandeni nyasi na miti. Choo na ukumbi vikae juu.

Kisha kihesabuni kiwanja. Kaeni pale alfajiri, saa nane mchana, magharibi, na siku mvua inaponyesha. Nani hukatiza? Mkokoteni wa mitungi ya maji hupita wapi? Njia iliyokwisha kukanyagwa isifungwe, maana ua mtakaoujenga juu yake utakatwa ndani ya wiki. Wanaotupa taka nao waulizwe watazipeleka wapi. Jaa halihami kwa kibao cha "Usitupe taka hapa"; linahama vijana wa kuzoa taka wakishapata ratiba na malipo.

Kwenye kuchora ndiko wengi huharakisha. Baraza moja halitoshi, kwa sababu wachache huongea na wengine hupiga makofi. Kutaneni na akina mama kwenye bomba, watoto baada ya shule, na wapangaji mbali na wenye nyumba, kwani mpangaji hampingi mwenye nyumba wake hadharani. Wapeni kitu cha kushika: ubao wa sentimita 60 kwa 80 unaosimamia kiwanja cha mita 30 kwa 40, yaani kila sentimita 2 ni mita 1. Kisanduku cha kiberiti kinakuwa kibanda cha mita 2.5. Mti usiwe kizibo cha soda, jinsi kila mtu anavyopenda kuuweka. Kateni duara la karatasi la sentimita 12, kwa sababu mti ukikua kivuli chake kitafika mita 6. Hapo ndipo watu huona kwamba uwanja wa mpira, jukwaa na miti kumi havitoshani. Waacheni wabishane na kusogeza vitu. Wakikubaliana, chora mpango huo kiwanjani kwa kamba na jivu, uachwe siku mbili ukanyagwe.

Sasa chimbeni mashimo manne au matano ya kupimia. Mkikuta taka bado zipo kwenye sentimita 60, msijenge benchi la saruji hapo: taka zikioza udongo hudidimia, na benchi hupasuka mvua za kwanza. Ondoeni taka hadi udongo mgumu, mjaze murram kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuongeza jingine. Palipowahi kuyeyushwa betri za magari, udongo upimwe madini ya risasi kwanza maabara. Mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakaazi sumu ya risasi, unatosha kuwa onyo.

Ukingo wa mto huzuiwa kwa gabioni. Sanduku la waya la mita 2 kwa 1 kwa 1 humeza mawe mita za ujazo 2. Jiwe liwe kubwa kuliko tundu la waya, kama sentimita 12 hadi 20, na lipangwe kwa mkono. Funga waya za ndani kutoka uso hadi mgongo kila theluthi ya kimo, la sivyo sanduku hufura tumbo. Kosa kubwa zaidi ni kuliweka juu ya matope: maji huchimba chini yake, nalo huangukia mtoni zima zima. Zamisheni angalau nusu mita, na nyuma yake mtandike kitambaa cha kuchuja ili udongo usivuje.

Bembea hupendwa na watoto lakini hula nafasi: mhimili wa kimo cha mita 2.2 unataka zaidi ya mita 4 wazi mbele na nyuma, juu ya mchanga wa sentimita 30. Mnyororo wake pia huishia kwa muuza chuma chakavu. Kwenye kiwanja kidogo, matairi yaliyozikwa nusu yanafaa zaidi, mradi kila moja litobolewe chini. Tairi lisilotoboka hulea mbu.

Miche pandeni mvua za Aprili zikikolea, shimo la sentimita 60 kila upande na debe la samadi iliyooza. Mbuzi watakuja, hivyo uzio wa fito uwepo siku hiyo hiyo.

Utunzaji unataka fedha za kila siku, wala si michango. Bustani za Kibera zilizobuniwa pamoja na wakaazi na shirika la usanifu la Kounkuey Design Initiative tangu 2006 zimeunganisha uwanja wa michezo na choo, maji na vibanda vya biashara. Sajilini kikundi, mapato yabandikwe ukutani kila Jumapili, na funguo za choo zizunguke kati ya watu watatu. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, zungukeni na sepetu: palipotuama maji ndipo mtaro wenu ulipokosea mteremko.