Majira ya Joto Roma: Igawe Siku Yako Mara Mbili

Ndugu zetu wengi wanaoishi Ujerumani, Sweden au Uingereza huenda Roma Julai na Agosti, kwa kuwa ndipo shule zimefungwa. Kinachoharibu safari hizo mara nyingi ni saa. Familia hutoka hotelini saa nne asubuhi, hupanga foleni juani, na kufikia saa saba mchana watoto wamechoka na wazee wanaumwa kichwa. Joto la miezi hiyo hupita nyuzi 30 karibu kila mchana, na wimbi la joto likija hufika 37 au zaidi. Aliyekulia Mombasa au Dar asijidanganye kwamba jua amelizoea. Roma iko ndani kidogo kutoka pwani, kuta na mawe ya barabarani hushika joto hadi usiku, na ponentino, upepo unaotoka baharini, huingia alasiri.

Kwa hiyo toka saa moja asubuhi, rudi kivulini saa tano, kisha toka tena saa kumi na moja jioni. Muda haukosekani: mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku. Hata marathoni ya Olimpiki ya Roma, tarehe 10 Septemba 1960, ilianza jioni ili kukwepa joto. Abebe Bikila wa Ethiopia aliikimbia peku, akapita Via Appia Antica, barabara ya kale ya Warumi, na kumaliza gizani kwenye Tao la Konstantino, kwa mwanga wa mienge, kwa saa 2:15:16. Tao hilo liko hatua chache kutoka Koloseo na halina kiingilio. Lipitie usiku.

Karatasi kwanza

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi yoyote ya Schengen haombi viza. Anasafiri na pasi pamoja na kibali chenyewe, na anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Anayeishi Uingereza au Ireland kwa pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Schengen: ada yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na maombi kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya safari. Kinachokwamisha ni miadi ya kupeleka maombi, maana kila mtu anaitaka Mei na Juni. Kwa safari ya Julai, anza kuitafuta Machi.

Ukiwa na bima ya afya ya umma katika nchi ya Umoja wa Ulaya, beba kadi ya bima ya afya ya Ulaya. Wa Uingereza wabebe GHIC, kadi yao ya namna hiyo. Namba ya dharura ni 112. Hotelini watachukua taarifa za pasi ya kila mgeni, na utatozwa kodi ya jiji kwa kila mtu kwa kila usiku. Kodi hii hupanda kadiri nyota za hoteli zinavyoongezeka, na mara nyingi haimo katika bei uliyolipa mtandaoni. Watoto chini ya miaka 10 hawalipi.

Tiketi ya Koloseo

Inunue kwenye tovuti rasmi ya hifadhi ya Koloseo, ambako mauzo hufunguliwa siku 30 kabla. Ya kawaida ni yuro 18 na inajumuisha Foro, magofu ya uwanja mkuu wa Roma ya kale, na kilima cha Palatino. Tiketi ina jina la mtu, na mlangoni jina hulinganishwa na kitambulisho. Wenye majina matatu, au waliobadili jina baada ya ndoa, waandike kama pasi inavyosema, kwa mpangilio uleule. Picha ya pasi kwenye simu isitegemewe. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, wa uraia wowote, lakini nao lazima wakatiwe tiketi ya yuro sifuri. Ukiisahau, mtoto atabaki nje na wewe ndani una dakika zako zinahesabiwa.

Chagua nafasi ya kwanza ya asubuhi. Tiketi hudumu saa 24, kwa hiyo si lazima uunganishe na Foro papo hapo, kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya. Foro ni uwanda wa mawe usio na kivuli cha maana. Nenda kapumzike, urudi Foro saa kumi na moja jioni, wakati makundi ya watalii yamepungua. Usinunue chochote kwa wanaokusimamisha barabarani wakikuahidi kuruka foleni.

Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali, Koloseo ikiwemo, ni bure. Kwa familia yenye watoto wadogo wakati wa joto, hatushauri siku hiyo: foleni inameza akiba yote.

Maji

Usinunue maji kila saa. Mji una mabomba ya chuma yapatayo 2,500 yanayotiririsha maji ya kunywa usiku na mchana, yaliyoanza kuwekwa 1874. Kwa umbo la mdomo wake wenyeji huliita nasone, yaani pua kubwa. Maji ni safi na baridi. Kujaza chupa, ikinge chini ya mdomo. Kunywa bila chupa, ziba mdomo wa bomba kwa kidole: maji yataruka juu kupitia tundu dogo lililo mgongoni, nawe utakunywa bila kuinama. Beba chupa ya lita moja kwa kila mtu mzima na uijaze kabla haijaisha, hasa kabla ya kuingia Foro.

Chemchemi kubwa za mapambo ni jambo jingine. Kutumbukiza miguu Trevi au penginepo hutozwa faini, na kuketi kwenye ngazi za Piazza di Spagna ni marufuku tangu 2019, faini ikianzia yuro 250. Watoto waambiwe mapema.

Mchana, saa tano hadi saa kumi na moja

Hapa makanisa yanafaa kuliko mgahawa wowote: kuta nene, ubaridi, na mengi hayatozi kitu. Masharti ni mabega na magoti kufunikwa, kwa wanaume na wanawake. Khanga moja ndani ya mkoba inamaliza tatizo hilo, kisha jioni inatandikwa kwenye nyasi za bustani ya Villa Borghese na kesho yake inakwenda ufukweni. Vikoi nao ni vilevile. Basilika la Mtakatifu Petro ni bure, ila foleni ya ukaguzi iko juani kabisa, kwa hiyo liwekee saa moja asubuhi. Pantheon, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa, ni yuro 5.

Santa Maria Maggiore, karibu na stesheni ya Termini, ina jambo linalotuhusu. Humo kuna sanamu ya Emanuele Ne Vunda, balozi wa Ufalme wa Kongo aliyetumwa kwa Papa, akafika mgonjwa na kufariki Januari 1608. Sanamu iko upande wa chumba cha ubatizo, na wengi hupita bila kuiona kwa sababu hawajui pa kuulizia. Muulize mhudumu kwa jina hilo. Tarehe 5 Agosti, ndani ya basilika hilohilo, petali nyeupe humwagwa kutoka darini wakati wa misa kukumbuka theluji inayosimuliwa kuwa ilianguka kiangazi cha mwaka 358. Fika mapema sana: Papa Fransisko alizikwa humo 2025, na umati umeongezeka.

Pengine pa kukimbilia mchana ni makatakombe, makaburi ya kale ya chini ya ardhi, ya Via Appia Antica, ambako chini ya ardhi ubaridi ni nyuzi 16 hivi mwaka mzima. Unakwenda kwa basi namba 118. San Callisto hufungwa Jumatano na San Sebastiano Jumapili. Chukua sweta kwa watoto, kwa maana kutoka nyuzi 35 kuingia 16 ukiwa na jasho utahisi baridi kali.

Kuoga

Ndani ya mto Tiber usioge. Nenda Ostia: panda treni ya Metromare kutoka Porta San Paolo, jirani na kituo cha metro cha Piramide, kwa tiketi ya kawaida ya mjini ya yuro 1.50. Tiketi hiyo hudumu dakika 100 na inaruhusu safari moja tu ya metro. Ya karatasi igongwe mashineni, la sivyo mkaguzi atakutoza zaidi ya yuro 50 hata kama umelipa.

Sehemu kubwa ya ufuko imekodishwa kwa wenye viti na miavuli, na huko unalipa. Kimbilio la mwenye mfuko mdogo ni spiaggia libera, yaani ufuko wa bure, na nzuri zaidi ziko Castelporziano: shuka kituo cha mwisho, Cristoforo Colombo, upande basi 07. Beba chakula, maji na mwavuli wako. Wikiendi ya Agosti treni hujaa, basi ondoka kabla ya saa mbili asubuhi. Njiani kuna kituo cha Ostia Antica, magofu ya bandari ya kale yenye misonobari na kivuli kingi kuliko Foro, Jumatatu hufungwa.

Wapendao ziwa waende Castel Gandolfo kwa treni kutoka Termini. Ziwa Albano ni kasoko ya volkano: hatua chache kutoka ukingoni kina hushuka ghafla. Asiyejua kuogelea abaki ukingoni, na watoto wavae maboya.

Jioni

Kando ya Tiber kuna vibanda vya grattachecca, barafu iliyoparwa kwa mkono na kumiminiwa sharubati. Ya ndimu na nazi ndiyo itakayowafurahisha wa pwani. Juni na Julai filamu huonyeshwa bure katika Piazza San Cosimato, mtaa wa Trastevere, kwa lugha zake za asili. Fika saa moja kabla ukitaka kukaa vizuri. Opera huchezwa katika magofu ya mabafu ya Caracalla, tiketi zikiuzwa miezi kabla. Kwenye basi namba 64 na metro A, mkoba uwe mbele ya kifua.

Karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, maduka na migahawa mingi ya mitaani hufungwa kwa wiki nzima au mbili. Nunua dawa na chakula cha mtoto mapema.

Mnaokuja kwa gari kutoka Ujerumani au Uswisi, jihadharini na ZTL, eneo la katikati linalolindwa kwa kamera. Ubao ukisema “varco attivo”, kamera zinafanya kazi: usiingie. Faini hukufuata nyumbani kwa posta miezi baadaye, na kila lango ulilopita lina faini yake. Acha gari kwenye maegesho ya Anagnina, kisha ingia mjini kwa metro A.