Kiendelezi cha kivinjari kimezimwa? Usikifute, kirudishe hivi

Maalim mmoja aliniletea laptop yake hapa Wete jioni, kesho yake ana alama za wanafunzi za kuingiza. Kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kinachomtunzia nywila kilikuwa kimezimwa, naye yuko tayari kukifuta akiweke upya. Nikamwomba asubiri. Ukikifuta, mara nyingi na mipangilio yako inakwenda nacho. Kwanza tujue nani kakizima, na kwa nini.

Hatua ya 1: Fungua ukurasa wa viendelezi. Wengine huviita programu jalizi. Kwenye Chrome andika chrome://extensions pale juu unapoandika anwani, kisha Enter. Edge ni edge://extensions. Firefox, bonyeza Ctrl, Shift na A kwa pamoja.

Hatua ya 2: Soma kabla hujagusa. Kila kiendelezi kina swichi yake. Ikiwa ya kijivu, kimezimwa. Tazama kama pana maandishi ya onyo. Kama hapana, basi huenda ni wewe au mtu mwingine anayetumia mashine hiyo aliyekizima. Washa swichi, kisha rudi kwenye ukurasa uliokuwa ukiutumia na ubonyeze F5, maana ukurasa uliofunguliwa kabla huenda usikitambue. Alama yake isipoonekana juu, bofya kile kipande cha chemshabongo na uibandike kwa pini.

Hatua ya 3: Ukikuta onyo, fuata onyo lenyewe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni la ruhusa mpya. Kiendelezi kikipata toleo jipya linalotaka kuona mengi kuliko mwanzo, Chrome hukizima mpaka wewe ukubali. Watu hubofya kukubali bila kusoma, na hapo ndipo ninapowasihi. Kiendelezi cha kubadilisha rangi ya ukurasa kinataka kusoma data zako kwenye tovuti zote, cha nini? Kivinjari hicho hicho ndicho unachoingilia benki. Viendelezi huuzwa pia, na anayekimiliki leo huenda si yule uliyemwamini. Mimi cha namna hiyo nakiondoa. Ukikihitaji kweli, ingia Details, na kwenye Site access uchague kifanye kazi pale tu unapokibofya.

Kikiandikwa kimeharibika, bofya Repair. Kikisema kinasimamiwa na taasisi yako, swichi hutaiweza. Mwone mtu wa kompyuta wa ofisini.

Kikisema hakitumiki tena, usipoteze bando kukipakua tena. Mwaka 2025 Chrome ilikamilisha kuzima viendelezi vya mfumo wa zamani uitwao Manifest V2, kikiwemo uBlock Origin, kile cha kuzuia matangazo. Chrome sasa ina uBlock Origin Lite, na kile cha asili bado kinafanya kazi Firefox. Flash, programu ya zamani ya kuonyesha video na michezo kwenye kivinjari, nayo ilisitishwa tarehe 31 Desemba 2020. Tovuti ikikuambia upakue Flash mpya, ifunge.

Hatua ya 4: Firefox ya zamani. Hili ndilo lililompata Maalim, na mashine za Windows 7 kwetu bado zipo nyingi. Tarehe 14 Machi 2025 cheti kikuu cha kidijitali ambacho Firefox hukitumia kuthibitisha viendelezi kilimaliza muda wake. Matoleo yaliyo chini ya 128, au chini ya 115.13 kwa yale ya ESR (yanayotunzwa kwa muda mrefu zaidi), yakaanza kuvikataa viendelezi hata vilivyo salama. Maalim alikuwa amezima masasisho ili kuokoa bando.

Kwanza tazama tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032, ikifa, umeme ukikatika tu saa inarudi nyuma miaka, na tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Rekebisha tarehe, badilisha betri. Kisha nenda Help, halafu About Firefox, usome namba ya toleo. Kwa Windows 7 na 8, pakua Firefox ESR 115 ya karibuni kutoka tovuti ya Mozilla wenyewe, watengenezaji wa Firefox, si kwa mtu mwingine, uiweke juu ya ile ya zamani bila kuiondoa.

Tulipofungua tena, swichi ilikubali. Nywila zote zilikuwamo, na Maalim akaanza kuingiza alama zake hapo hapo mezani kwangu.