Jinsi ya kusoma jina la Kitibeti bila kuchanganyikiwa

Ukianza kufuatilia Ubudha wa Tibet utakuta kila mtu ni Tenzin, usidhani ni ukoo mmoja. Watibeti wengi hawatumii jina la ukoo, wana majina mawili tu basi, na mara nyingi jina lenyewe halikwambii kama ni mwanamke au mwanaume.

Anza kwa kuondoa vyeo. Lama, Rinpoche, Jetsun hayo ni ya heshima, Geshe ni kama digrii ya monasteri.

Kinachobaki jiulize nani kalitoa, hapa ndo penyewe. Dalai Lama wa sasa alizaliwa 1935 akaitwa Lhamo Thondup, kuingia utawa akapewa msururu mrefu unaoishia na Tenzin Gyatso, sasa wazazi wakimwomba jina la mtoto anatoa hilo hilo Tenzin lake, ndo maana wamejaa. Karma nalo mara nyingi linatoka kwenye mstari wa Karmapa, kiongozi wa tawi la Karma Kagyu. Wengine ni siku tu ya kuzaliwa, Dawa ni Jumatatu, Pasang Ijumaa, akina Juma na Khamisi hapo hawahitaji somo.

Haya jaribu Milarepa, yogi (mtu wa kutafakari kwa mazoezi makali) wa karne ya 11. Mila ni la ukoo (ndiyo, yeye analo), repa ni mvaa pamba. Utotoni alikuwa Thöpaga, na simulizi zinasema alijifunza uchawi akaua watu kulipiza kisasi kwa amu na shangazi waliomdhulumu urithi, halafu akaenda kwa mwalimu Marpa ambaye kabla ya kumfundisha chochote alimjengesha minara na kumwambia abomoe, ajenge tena, abomoe. Hiyo repa aliipata kwa mazoezi: alikaa mapangoni kwenye theluji na kitambaa kimoja cha pamba, akitegemea tummo, zoezi la pumzi na taswira linaloamsha joto mwilini. Mwanafunzi wake Rechungpa ni repa mdogo. Gampopa, mwanafunzi mwingine, alikuwa daktari na mtawa, jina lake ni la mlima Gampo alikoweka makao.

Kama bado una wasiwasi kama ni Milarepa angalia picha: nguo nyeupe, kiganja cha kulia sikioni maana alifundisha kwa kuimba, na wengine wanampaka kijani kabisa kwa kuwa eti aliishi kwa supu ya majani yanayowasha (nettle). Huyo ni Milarepa, hata kama chini wameandika jina lake jingine, Mila Shepa Dorje.