Kuzunguka Unguja kwa daladala

Soma namba kwanza, kisha jina lililoandikwa mbele ya gari. 116 huenda Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe. Kusini na mashariki, 309 ni ya Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu na 326 Kizimkazi. Kwa uwanja wa ndege tafuta 505. Vituo vya mjini huhamishwa, kwa hiyo uliza wenyeji asubuhi hiyohiyo gari lako linapakia wapi.

Daladala nyingi za shamba, yaani za nje ya mji, ni malori madogo yenye mabenchi ya mbao pande mbili na paa la chini. Inama unapopanda, la sivyo utagonga kichwa. Begi kubwa hupandishwa juu ya paa pamoja na magunia na ndoo za samaki, basi simu, pesa na pasi zibaki mkononi mwako. Uliza nauli kwa abiria wa jirani kabla kondakta hajafika, na uwe na noti ndogo. Mtajie kondakta mapema hoteli au msikiti ulio karibu na unaposhukia.

Wanaokwama wengi hukwama jioni. Gari haliondoki mpaka lijae, na magari ya kurudi mjini hupungua sana kabla ya magharibi. Nungwi iko kama kilomita 60 kutoka mjini: ukilikosa gari la mwisho, kinachobaki ni teksi, tena kwa bei ya kupatana. Fika barabarani saa tisa alasiri. Ramadhani, wahi zaidi; kila mtu anakimbilia futari.